Barua ya wazi kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya: manahodha wa visiwa wako Dadaab

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi.

Nakala: Kamishna wa Wakimbizi; Serikali ya Kaunti ya Lamu.

Nakuandikia kutoka Ifo, kambi iliyotangulia kufunguliwa kati ya kambi za Dadaab, kuhusu jambo la bahari. Najua anwani hii itakushangaza. Huku kwetu kuna mchanga mwekundu, migunga, na laga zinazokaa kavu miezi mingi kisha zikafurika kwa siku chache. Bahari iliyo karibu nasi iko zaidi ya kilomita 200. Hata hivyo, ninachokuomba ukishughulikie kiko hapa, na hakitakuwepo muda mrefu.

Wamo Dadaab wazee wanaojua kupeleka mashua kutoka Kismayu hadi Lamu kwa kupita ndani ya visiwa, kwa upepo wa kusi na wa kaskazi, mchana na usiku, bila ramani. Ni Wabajuni wa Koyama, Chovai, Chula na Burikao, na wachache ni watu wa Barawa. Waliingia Kenya wakiwa manahodha na wavuvi, na tangu hapo maisha yao yamekuwa ya kadi ya chakula na foleni ya maji. Aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1991 sasa amepita 70. Kila mwaka tunazika mmoja au wawili, na kila mmoja anaondoka na kipande cha pwani ambacho hakuna mwingine aliyekishika kichwani kama yeye.

Naomba Makumbusho ije iwarekodi. Na naomba zaidi ya hapo: iwachukue wale wenye nguvu bado na wanaotaka, iwapeleke Lamu, iwapandishe chomboni, iwarekodi wakiwa juu ya maji. Nitaeleza kwa nini hilo la pili ndilo kubwa.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa Mombasa, katika kambi ya Utange, na nikaletwa Dadaab kambi za pwani zilipofungwa miaka ya tisini. Bahari niliiacha nikiwa mtoto mdogo. Ninachokijua nimekipata kwa kukaa na wazee hawa jioni, baada ya alasiri, nikiuliza na kuandika katika madaftari ya shule. Kwa hiyo nisamehe nikikosea jina la mwamba, wao hawakosei.

Ukiitazama ramani ya ukutani, pwani ya kutoka Kismayu hadi Lamu inaonekana kama mstari uliolala kuelekea kusini-magharibi, karibu kilomita 280, hauna jambo. Anayeipita kwa mashua anakutana na nchi nyingine kabisa. Sambamba na bara umetandazwa mlolongo wa visiwa vya matumbawe, vingi vikiwa miamba mitupu, vichache vyenye watu au vilivyowahi kuwa na watu: Koyama, Ngumi iliyobaki magofu, Chovai, Chula. Upande wa nje ni bahari kuu, na wakati wa kusi mawimbi yanapiga mwamba usiku kucha. Upande wa ndani, kati ya visiwa na bara, kuna maji matulivu yanayoweza kupitisha chombo kidogo.

Utulivu ule una masharti. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Pale ilipopita mashua alfajiri, saa sita baadaye watoto wanatembea kwa miguu wakiokota makome. Nahodha hutazama mwezi kabla ya kutazama upepo, kwa maana siku ya mwezi ndiyo inayomwambia fungu fulani litafunikwa kwa pima ngapi na kwa muda gani. Siku za maji mafu kuna mafungu ambayo hayapitiki hata maji yakijaa, kwa kuwa hayajai ya kutosha. Asiyejua hilo atakaa juu ya mchanga na mzigo wake mpaka mwezi ugeuke, na maji ya kunywa yakiwa yamemwishia.

Kisha iko milango, yaani pale mwamba unapokatika na maji ya ndani kukutana na ya nje. Maji yakipwa yanatoka mlangoni kama mto, na kusi inaingia kinyume chake. Vinapokutana, mawimbi husimama wima, mafupi, yamekaribiana, na hapo ndipo vyombo vinapovunjika. Mwenye kujua hutia nanga akangoja, hata kama ni nusu siku na abiria wanalalamika, mpaka maji yaanze kujaa na upepo na mkondo viende upande mmoja. Mzee mmoja aliniambia kwamba kazi kubwa ya nahodha ni kukataa. Anakataa kuondoka, anakataa kuingia, anakataa kusikiliza mwenye haraka.

Mchana anasoma rangi ya maji. Jua likiwa juu na liko nyuma yake, mchanga wa chini unaonekana mweupe, majani ya bahari ni meusi, na mwamba ulio karibu na uso wa maji ni wa kahawia. Jua likiwa mbele ya macho haoni kitu ila mng'aro, kwa hiyo hakuna mwenye akili anayeingia mlango wa kuelekea magharibi wakati wa jioni. Penye shaka bildi ya kupimia kina inateremshwa, na matope au mchanga unaorudi nayo chini yake unamweleza yuko wapi. Penye uchache wa maji tanga linashushwa na kazi inakuwa ya upondo. Usiku anasikiliza, kwa sababu mwamba una sauti yake na fungu lina sauti yake. Na bara ina alama: mbuyu ukipangana na kilima cha mchanga, kaburi la nguzo likijitokeza nyuma ya kisiwa. Watafiti wako wanayajua makaburi na misikiti ya kale ya pwani hii, kama yale ya Ishakani, kama magofu ya kuhifadhiwa. Ningependa wayasikie yakitajwa na mtu ambaye aliyategemea asizame.

Juu ya yote hayo kuna hesabu ya mwaka. Wazee wetu huhesabu kuanzia Nairuzi, mwaka wa jua, wakiugawa katika miongo ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo wanajua lini bahari inafungwa kwa nguvu ya kusi, lini demani inalegeza upepo, lini kaskazi inashika, na lini katikati ya pepo hizo mbili kuna wiki chache ambazo chombo kidogo kinaweza kwenda kokote. Nina vijana darasani wanaojua tarehe ya mtihani wa kitaifa na hawajapata kusikia neno Nairuzi.

Ukishaiacha Burikao kinga inapungua, na Ras Kamboni lazima izungukwe. Kuanzia Kiunga visiwa vinaanza tena, vidogo vidogo, zaidi ya 50, ndani ya eneo lililotangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1979. Unapita Mkokoni, unaiona Kiwayu, ndefu na nyembamba, unaingia maji ya Pate na Faza, kisha Mkanda, ile njia kati ya Manda na bara ambayo hupitika maji yakiwa yamejaa. Halafu Lamu. Kwa walioendelea mbele ya Lamu mambo yalibadilika kabisa. Ghuba ya Ungwana iko wazi, haina kisiwa cha kujificha, na mbele ya Kipini Mto Tana unamwaga matope yake baharini mpaka rangi zote zinapotea. Mto huo ndio huu unaopita chini ya daraja la Garissa. Manahodha wetu walikutana nao kwanza upande wa mdomo wake, wakiwa wamefumbwa macho na matope yake, kabla hawajauvuka kwa lori wakija huku.

Hivyo ndivyo sehemu ya watu wetu walivyofika Kenya, Mkurugenzi. Utawala wa Siad Barre ulianguka Mogadishu mwishoni mwa Januari 1991, na Januari ni kaskazi. Waliotoka Kismayu na visiwani mapema walisukumwa na upepo na mkondo uliokuwa ukienda walikokwenda wao. Vita viliendelea, Kismayu ikatekwa na kutekwa tena, na waliolazimika kutoka kusi ilipokwisha kushika walibisha dhidi ya upepo, mashua zimejaa wanawake, watoto na wazee ambao hawakuwahi kupanda chombo. Viko vyombo vilivyovunjika miambani na watu wakafa maji. Viko vilivyofika kwa kuwa aliyeshika shikio alijua mahali pa kungoja. Historia ya wakimbizi wa Dadaab imeandikwa sana kwa habari ya malori, mpaka wa Liboi na safari za miguu jangwani, na ni haki iandikwe hivyo. Habari ya waliokuja kwa maji haijaandikwa popote kwa urefu wake, na waliowaleta wako vibandani mwetu.

Walipofika waliwekwa katika kambi za pwani: Utange, Jomvu, Swaleh Nguru, na Marafa upande wa Malindi. Huko angalau walinusa bahari, na wengine walipata vibarua vya uvuvi kwa jamaa zao wa Kenya. Kambi zile zilipofungwa baadhi walirudi Somalia, baadhi walipelekwa Kakuma, na baadhi waliletwa hapa, katika kambi zilizopangwa kwa watu 90,000 na ambazo baadaye, mwaka wa ukame wa 2011, zilipita 400,000. Mtu akitoka hapa bila kibali cha safari anavunja sheria. Kwa hiyo nahodha ambaye alikuwa akiamka na kutazama mwezi ili ajue aende wapi, kwa miaka karibu 30 hajaruhusiwa kufika hata Garissa mjini bila karatasi.

Lakini upepo haukuzuiwa. Juni na Julai kusi inatufikia Dadaab, kavu, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Watu wengi hapa wanaulaani. Jirani yangu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hajaniruhusu, hutoka nje akasimama, akageuza uso mpaka upepo umpige sikio moja, na kusema kama mlango wa kwao unapitika siku hiyo. Kismayu iko karibu mashariki kabisa ya hapa, kama kilomita 250, kwa hiyo sidhani anakisia. Nimemwuliza mara nyingi anajuaje, na jibu lake huwa fupi mno kwa daftari.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kazi yangu ya jioni haitoshi. Mzee akiwa ameketi kwenye mkeka, nikimwuliza jinsi ya kuingia Burikao usiku, atanipa sentensi tatu. Nikimpa kijiti akichore mchangani anaeleza zaidi. Siku moja tuliweka gogo na fimbo kama mashua na shikio lake, wazee wawili wakapanda juu ya gogo lile, na wakaanza kubishana: huyu anasema hapa unageuza goshi, yule anasema bado, hesabu mpaka ulione kaburi. Waliendelea mpaka magharibi. Mambo waliyoyasema siku ile sikuwahi kuyasikia kabla. Mikono yao ilikumbuka, na maneno yakafuata mikono. Sasa fikiria wangekuwa juu ya maji yenyewe, tanga limejaa, mwamba unasikika. Kwa sababu hiyo naona rekodi ya sauti itakayofanywa ofisini Dadaab itakuwa nzuri na itakuwa nusu.

Wapo waliotutangulia katika kuandika, nami nawaheshimu. Ahmad ibn Majid, rubani wa Oman wa karne ya 15, aliiweka njia ya pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala katika mashairi ili mabaharia waihifadhi kichwani. Kapteni Owen wa Uingereza alikuja na manowari miaka ya 1820 akapima pwani kwa ajili ya ramani za jeshi lao la majini. Vinigi Grottanelli alitoa mwaka 1955 kitabu kizima juu ya wavuvi wa Kibajuni, kwa Kiitaliano. Prins aliandika mwaka 1965 juu ya usafiri wa vyombo vya Lamu, kwa Kiingereza. Neville Chittick alipita visiwa vyetu akatoa taarifa ya magofu mwaka 1969, na Derek Nurse amekusanya maneno ya Kibajuni kwa miaka mingi na kwa uangalifu mkubwa. Kwa bidii zao tunajua, kwa mfano, kwamba mababu zetu walivua kasa kwa kumfunga chazo kamba mkiani na kumwachia aende akamnase kasa, uvuvi ambao leo sheria haiuruhusu na sidai uruhusiwe. Ila mtoto wa Kibajuni akitaka kusoma habari za babu yake baharini lazima kwanza ajue Kiitaliano au Kiingereza. Makumbusho inaweza kulirekebisha jambo hilo, kwa Kiswahili na kwa Kibajuni chenyewe, wenye habari wakiwa hai na wakisahihisha.

Tumeona tayari hasara ya kuchelewa. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulikuwa fahari ya maji haya, na mafundi wake wakubwa walikuwa Wabajuni. Karne iliyopita ulitoweka baharini. Zanzibar walipotaka kuujenga tena kwa ajili ya makumbusho yao, ilibidi wategemee mifano midogo, picha na maandishi, kwa kuwa waliokuwa wakiushona na kuusafiria walikwisha kuingia kaburini. Nani angekaa kimya kama angesikia leo kwamba fundi wa mtepe yuko hai, hapa Dadaab, kambi ya Hagadera, mtaa fulani?

Najua yatakayosemwa dhidi ya ombi hili, na nataka kuyajibu.

La kwanza ni usalama. Septemba na Oktoba 2011 watu waliingia kwa boti Kiwayu na Manda wakateka wageni, na wako waliopoteza maisha. Oktoba hiyohiyo wafanyakazi wawili wa misaada walitekwa hapa kwetu, Ifo 2, na jeshi la Kenya likavuka mpaka kuingia Somalia. Uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku Lamu kwa miaka kadhaa. Siichukulii hofu hiyo kwa wepesi. Waliotekwa hapa walikuwa wakitusaidia. Lakini mhalifu wa leo ana injini mbili na ramani ndani ya simu, hangoji kufundishwa na mzee wa miaka 75 namna ya kupita fungu kwa upondo. Na Makumbusho inajua kutunza kumbukumbu zisizofunguliwa kwa kila mtu. Yale ambayo wazee wenyewe au vyombo vya usalama wataona yafichwe kwa muda, yafichwe. Yaliyofichwa yanaweza kufunguliwa siku moja. Yaliyozikwa hayafunguliwi. Tena marufuku ile ya uvuvi wa usiku iliwaumiza vijana wa upande wa Kenya pia: wa Kiunga, Ishakani na Ndau waliokua bila kusafiri usiku nao wamepungukiwa na kile ambacho wazee wa Ifo wanacho. Ujenzi wa bandari ya Lamu umechimba na kufunika maeneo waliyoyajua baba zao, jambo ambalo Mahakama Kuu ililitambua mwaka 2018 ilipoamuru wavuvi walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Maarifa haya yanahitajika pande zote mbili.

La pili ni uraia. Mtu atauliza kwa nini fedha ya Kenya ihifadhi urithi wa Wasomali. Visiwa hivi vilitawaliwa kutoka Nairobi mpaka mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia eneo la Jubaland. Mstari ulipigwa na ukoo mmoja ukawa nchi mbili. Mwaka 2021, tarehe 12 Oktoba, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipiga mstari mwingine, wa majini, baina ya Kenya na Somalia. Majaji walifanya kazi yao kwa digrii na dakika. Mimi sina neno na hukumu. Naona tu kwamba katika miaka yote ya kesi ile, iliyohusu maji kuanzia Ras Kamboni, sikumsikia mtu aliyetaja kwamba wanaoyajua maji hayo kuliko wote wamo ndani ya Kaunti ya Garissa, wamesajiliwa na serikali, na wanapatikana siku yoyote. Wabajuni wa Kiunga na wa Chula ni watu wamoja wa lugha moja, na lugha hiyo ni ya ukoo wa Kiswahili. Urithi wao ni wa Lamu kama ulivyo wa Kismayu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi katika habari hii ya uraia. Jamaa zetu waliofika Uingereza kuomba hifadhi waliketishwa wakaulizwa majina ya visiwa, vijiji na samaki, ili waonyeshe kwamba kweli ni Wabajuni. Vijana waliokulia kambini walijibu kwa kubabaika, kwa kuwa walichojua walikisikia tu kwa wazazi. Maarifa ya bahari, kwa watu wetu, yamekuwa kitambulisho. Wanaopotewa nayo wanapotewa na ushahidi wa kwamba wametoka mahali.

La tatu ni gharama, na hapa nitasema kwa ufupi. Ofisi mnayo Lamu, mna wataalamu wa pwani, mna Ngome ya Lamu yenye nafasi ya maonyesho. Kenya iliridhia mwaka 2007 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, na mila za kaya za Wamijikenda ziliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Sioni kinachokosekana katika vitabu vya sheria.

Kwako Kamishna wa Wakimbizi, ambaye nakala hii inakufikia: Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinasema mkimbizi ashiriki katika maisha ya nchi na kuchangia. Huu ni mchango ambao hakuna mwingine anayeweza kuutoa. Tunaomba vibali vya safari kwa wazee hawa na kwa msaidizi mmoja kijana kwa kila mzee, vya muda wa kutosha, siyo vya siku tatu vinavyokwisha mtu akiwa angali njiani Garissa akingoja basi. Kijana huyo asiwe mbebaji wa mkoba tu. Awe mwanafunzi. Akae karibu na shikio, ashike kamba, aulize kwa Kibajuni chake kilichovunjika, asahihishwe. Hata kama Makumbusho itatoka na filamu nzuri kabisa, nitaona tumefaulu nusu ikiwa hakuna hata kijana mmoja wa Ifo atakayeshuka chomboni akijua kutofautisha rangi ya mwamba na rangi ya majani.

Nina wazo pia kwa Kaunti ya Garissa, ingawa barua hii si yake. Aprili 2024, Tana ilipofurika na barabara kukatika, boti iliyojaa watu ilipinduka Kona Punda, karibu na Mororo, ng'ambo ya mji wa Garissa. Watu walikufa. Mimi niliisikia habari ile redioni nikiwa nimekaa na wazee wangu. Walitaka kujua boti ilikuwa na urefu gani, watu wangapi, mkondo ulikuwa ukitoka upande gani, nani alikuwa akiendesha. Maswali yao yalikuwa ya watu wa kazi. Kaunti ambayo inafurika karibu kila mvua kubwa, na ambayo ina mabaharia wa maisha yote wakiishi kilomita 100 tu kutoka mtoni, ingeweza kuwaomba waje wafundishe vijana wa boti kuhesabu abiria na kuusoma mkondo.

Nirudi kwenu, Makumbusho. Njia tunayoomba si ya kwenda Kismayu. Wazee wenyewe wanajua hali ilivyo, hawataki kuvuka mpaka. Kutoka Lamu kupitia Mkanda, Faza, Kiwayu na Mkokoni hadi Kiunga kuna miamba, milango na mafungu ya kutosha kuamsha kila kitu walichonacho, na maji hayo wengi wao waliyapita wakija. Chombo kiwe mashua ya tanga, injini iwepo kwa dharura tu, kwa maana ukiwasha injini hakuna atakayetazama upepo. Nahodha mwenyeji wa Lamu awe na mamlaka juu ya chombo, na wazee wetu wazungumze naye. Nawaahidi watabishana, na mabishano hayo ndiyo myarekodi yote bila kukata. Kila jina la mwamba lipigiwe mahali pake kwa kipimo cha kisasa, na nakala ya kila rekodi irudi Dadaab, shuleni kwetu, isikae Nairobi peke yake. Majina ya wazee yaandikwe juu ya kazi yao kwa idhini yao, kama yanavyoandikwa ya maprofesa.

Kuhusu wakati: kaskazi ikishatulia, kati ya Januari na Machi, maji ya ndani ya Kiunga hupitika vizuri na jua ni safi la kusomea rangi. Ili hilo liwezekane, watu wenu wangefaa kuja Ifo kwa mazungumzo ya kwanza mwezi Septemba au mapema Oktoba, kwa sababu mvua za vuli zikikolea barabara ya Garissa hadi Dadaab hukatika na magari hukwama siku nyingi. Orodha ya wazee walio tayari ninayo, pamoja na hali ya afya ya kila mmoja na jina la kijana atakayefuatana naye. Wawili kati yao hawaoni vizuri tena, na wamesema hilo lisiwe sababu ya kuachwa, kwani sehemu kubwa ya njia waliijua kwa masikio. Madaftari yangu nitayakabidhi kwa yeyote mtakayemtuma.

Wako katika kazi,
Mwalimu, kambi ya Ifo, Dadaab